Pembe Isiyosikia Mnong'ono: Roland Hayes na Santuri Zake za Mwanzo

Ndugu mwenyekiti, walimu wa kwaya, wapiga kinanda, na nyinyi wenzetu mnaotunza santuri za wazee juu ya makabati, karibuni, na asanteni kwa kuitikia.

Mada ya leo ni mwimbaji wa jukwaani na santuri zake za kwanza. Mwimbaji mwenyewe ni Roland Hayes, Mmarekani Mweusi mwenye sauti ya tatu, yaani tenori. Alizaliwa Curryville, jimbo la Georgia, tarehe 3 Juni 1887, akafariki Boston tarehe 1 Januari 1977. Katikati ya tarehe hizo aliimba London, Paris, Vienna, Berlin na New York, akaingia kumbi ambazo Mtu Mweusi alizoea kuingia kwa mlango wa nyuma akiwa na ufagio mkononi. Lakini ukiweka santuri zake za mwanzo kwenye gramafoni unaweza kujiuliza watu walikuwa wakishangilia nini. Unasikia kijana mwenye koo zuri anayeimba kwa nguvu, kama walivyoimba matenori wengi wa enzi ile. Waliomsikia ukumbini walisifu kitu kingine kabisa: sauti ndogo, laini, iliyobaki hai hata ilipokaribia kuwa pumzi tupu. Hicho hakimo kwenye sahani. Nitaeleza kilipotelea wapi, na tusikilize vipi ili angalau mkia wake tuushike.

Maisha yake ya awali nitayapitia kwa mwendo wa haraka. Mama yake, Fannie, alizaliwa utumwani. Baba alifariki Roland akiwa bado mtoto, familia ikahamia Chattanooga, Tennessee, na kijana akaingia kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma. Ni huko Chattanooga ambako mwanamuziki mmoja Mweusi, Arthur Calhoun, aliyekuwa amesoma chuo cha Oberlin, alimpeleka kwenye nyumba ya mzungu mwenye gramafoni ili asikie santuri za Enrico Caruso, tenori mashuhuri wa Kiitaliano. Lishikeni hilo, maana tutalirudia. Wito wa kijana huyu ulimjia kupitia pembe ya gramafoni, na pembe hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kushindwa kumbeba yeye.

Mwaka 1905 aliingia Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, akafundishwa sauti na Jennie Robinson. Aliondoka 1910 bila kuhitimu, akafanya kazi ya kuhudumia meza kwenye klabu ya matajiri Louisville, kisha 1911 akafika Boston na waimbaji wa Fisk. Hakurudi. Alipata kazi ya tarishi katika kampuni ya bima ya John Hancock, na mshahara wake ukawa unaishia kwa mwalimu wa sauti, Arthur Hubbard.

Mwaka huo huo wa 1911 sauti ya Hayes iliingia kwenye nta kwa mara ya kwanza. Alikuwa mmoja wa waimbaji wanne wa Fisk, chini ya John W. Work, waliorekodi nyimbo za utumwani kwa kampuni ya Edison. Hizo hazikuwa sahani, zilikuwa mitungi: kila mmoja ukubwa wa kikombe kirefu, ukizunguka mara 160 kwa dakika, mistari 200 katika kila inchi, wimbo usiozidi dakika nne. Sindano ya Edison ilichonga kwa kupanda na kushuka, kama gari kwenye matuta, wakati sahani nyingi za wengine zilichongwa kwa kuyumba kushoto na kulia. Tofauti hiyo itatusumbua tutakapofika kwenye namna ya kuzicheza. Waimbaji wanne walilazimika kubanana mbele ya pembe moja, vichwa vikikaribia kugusana, na tenori ya kwanza na ya pili zikatoka zimechanganyika kama maji na maziwa. Anayewaambia kwamba anamtambua Hayes ndani ya mitungi hiyo, mpeni soda, lakini msimwamini.

Sasa tufike 1917. Tarehe 15 Novemba mwaka huo Hayes alikodi Symphony Hall ya Boston kwa fedha zake mwenyewe, akaandika barua na kuuza tiketi mwenyewe. Ukumbi ule una viti zaidi ya 2,600. Ulijaa. Kwa hesabu ya biashara, mtu aliyejaza ukumbi wa namna hiyo alistahili kufuatwa na kampuni ya santuri asubuhi yake. Hakuna aliyemfuata. Kampuni kubwa zilikuwa zimekwisha kurekodi Watu Weusi, ndiyo. Bert Williams alikuwa mali kubwa ya Columbia. Lakini waimbaji wengi wao walirekodiwa kama wachekeshaji au kama kikundi cha nyimbo za utumwani. Mwimbaji Mweusi peke yake, anayeimba Verdi au Schubert, hakuwa na rafu dukani. Sissieretta Jones, soprano Mweusi aliyesifiwa sana miaka ya 1890, hakuacha hata santuri moja inayojulikana. Kizazi kizima kilikwenda kaburini na sauti zake.

Hayes akafanya alichofanya kwa ukumbi: akalipa. Columbia ilikuwa na idara ya santuri za binafsi, ambako mwenye fedha aliingia studio, akarekodi, kisha akachapiwa nakala alizozilipia, kama leo kijana anavyokodi studio kwa saa. Kati ya mwisho wa 1917 na 1918 alirekodi huko nyimbo za utumwani, mojawapo ikiwa "Swing Low, Sweet Chariot", pamoja na aria, yaani nyimbo za mwimbaji mmoja, za opera za Kiitaliano: "Vesti la giubba" ya Leoncavallo na "Una furtiva lagrima" ya Donizetti. Aliziuza kwa njia ya posta.

Uchaguzi wa aria hizo unasema mengi. Zote mbili zilikuwa nyimbo za Caruso kwenye santuri, kila mwenye gramafoni alizijua. Kuziimba ilikuwa kama kijana wa taarabu leo kurekodi wimbo wa gwiji ambao mtaa mzima unaukumbuka: unaomba ulinganishwe. Na kwa maoni yangu "Vesti la giubba" haikumfaa. Ule ni wimbo wa koo zito, la kupasua na kulia, naye koo lake lilikuwa jepesi. "Una furtiva lagrima" inampendeza zaidi kwa sababu ni wimbo wa kunyoosha mstari. Lakini alihitaji cheti, na cheti kiliandikwa kwa mkono wa Caruso.

Kama biashara, santuri hizo hazikumpa faida ya kutajika. Zilifanya kazi ya barua ya utambulisho. Kuna na jambo jingine lililofuatia: mwaka 1919, Medford, kando tu ya Boston, George Broome alianzisha lebo yake ndogo ya santuri za wanamuziki Weusi wa kitaalamu, na huko ndiko Harry Burleigh, mtunzi aliyezipanga nyimbo za utumwani kwa sauti moja na piano, alikorekodi "Go Down, Moses". Miaka miwili baadaye Harry Pace akaanzisha Black Swan huko New York. Hayes alikuwa ameonyesha njia kabla yao: usipofunguliwa mlango, lipa kiingilio.

Tuingie sasa studio, maana hapa ndipo penye shauri lenyewe.

Mwaka 1917 hapakuwa na maikrofoni studio, hapakuwa na umeme kwenye njia ya sauti. Nguvu yote iliyochonga ule mfereji ilitoka kwenye mapafu ya mwimbaji. Sauti iliingia kwenye pembe ya bati, ikafika mwisho wake mwembamba, ikatikisa utando mdogo wa kioo au mika, na utando ukatikisa sindano iliyochonga nta. Basi. Hakuna kitu kati ya koo na nta kilichoweza kukuza sauti hata chembe.

Nta yenyewe ilikuwa bamba nene, inchi moja na zaidi, lililokwanguliwa likang'aa kama kioo, kisha likawekwa kwenye kabati la joto ili lilainike. Nta ikiwa baridi, sindano inakwaruza na kuacha kelele. Ikiwa ya moto kupita kiasi, kingo za mfereji zinalala. Ndiyo maana chumba kilikuwa na joto la kutoa jasho. Meza ya kuzungushia nta iliendeshwa na jiwe zito lililoshuka taratibu kwa kamba, kama saa za ukutani za zamani, kwa sababu uzito unaoshuka hauchoki na hautetemeki.

Mpiga piano alikuwa na shida zake. Piano ya wima iliinuliwa juu ya jukwaa la mbao hadi kifua cha mwimbaji, ubao wa nyuma ukaondolewa, na mpigaji akaambiwa apige kwa nguvu mwanzo hadi mwisho, asithubutu kulainisha. Palipokuwa na okestra, fidla za kawaida mara nyingi ziliachwa na kutumika fidla za Stroh zenye pembe ya bati badala ya sanduku la mbao, na sehemu ya besi ikapigwa na tuba, kwa kuwa fidla besi haikusikika kabisa. Mkisikia tuba ikigugumia chini ya aria ya mapenzi, hiyo ndiyo sababu. Mtunzi hana hatia.

Kisha mwimbaji. Ishara ikitolewa hakuna kukohoa, hakuna kusogeza mguu. Sahani ya inchi 10 inachukua kama dakika 3; ya inchi 12, dakika 4 na ushei. Kwa hiyo wimbo wa dakika 5 unakatwa beti au unakimbizwa. Noti ya juu ikipigwa karibu na pembe, utando unaruka, sindano inapitiliza ukingo wa mfereji wake, na mnunuzi anasikia mpasuko. Mwimbaji alijifunza kurudi nyuma hatua moja kabla ya noti ya juu na kusogea mbele kwa noti ya chini, na asiyejifunza alivutwa koti na fundi. Hebu fikirini: mwalimu wa sauti amekufundisha miaka sita usimame imara, mabega yatulie, pumzi ikae chini, halafu mtu anakuvuta koti katikati ya sentensi.

Na noti laini? Hapo ndipo Hayes alipopotezwa. Sauti ndogo haina nguvu ya kuchonga. Inaacha alama nyembamba kiasi kwamba mchakacho wa sahani yenyewe unaizidi. Kati ya mpasuko juu na mchakacho chini palibaki uchochoro mwembamba, na kila mwimbaji alilazimika kupita humo: asipige kelele, asinong'one. Kwa mwimbaji wa opera mwenye koo la shaba haikuwa hasara kubwa. Kwa mtu ambaye ufundi wake wote uko kwenye hatua kumi za kushuka kutoka sauti ya wastani hadi kimya, pembe ilimwachia hatua mbili au tatu.

Kuna hasara ya pili, isiyohusu ukubwa wa sauti. Pembe ilipokea vizuri mitetemo kuanzia kama 200 kwa sekunde hadi 2,000 na kidogo zaidi. Tenori huanza chini ya hapo, kama 130, na kupanda hadi 520 hivi, kwa hiyo noti zake karibu zote zinapita; na zile za chini sikio letu linazijaza lenyewe kwa kusikia mitetemo ya juu inayoandamana nazo. Ndiyo sababu matenori walifanikiwa kwenye santuri kuliko masoprano, ambao mitetemo yao ya kuandamana inakatwa na kuwaacha wembamba kama filimbi. Lakini ule mng'aro wa tenori aliyefundishwa, unaomwezesha kusikika juu ya okestra bila kupaza, uko karibu na mitetemo 3,000. Pembe haikuufikia. Na herufi s, f na sh ziko juu zaidi ya hapo. Ukiimba "safisha" mbele ya pembe, kinachobaki kwenye nta kinakaribia "hahiha". Waimbaji wa studio walijifunza kusisitiza herufi hizo kupita kiasi. Sasa mwimbaji anayesifika kwa maneno kusikika safi, ukimwondolea herufi za midomoni na menoni, umemwachia irabu tu.

Alipomaliza, hakuweza kujisikiliza. Kuicheza nta ni kuiharibu, kwa kuwa sindano nzito ya gramafoni inalima mfereji. Nta ilipelekwa kiwandani, ikapakwa unga wa grafiti ili ipitishe umeme, ikatiwa kwenye dawa na kuvikwa shaba. Shaba ikibanduliwa ni picha ya kinyume: mifereji imekuwa matuta. Kutoka hiyo hutengenezwa nakala mama, na kutoka mama hutengenezwa mihuri ya kuchapia. Kila hatua inaongeza kasoro yake ndogo. Mwimbaji alingoja nakala ya majaribio ifike, na kama hakuipenda alikwenda kuanza upya. Kwa anayelipa mwenyewe, kuanza upya ni gharama nyingine.

Na sahani ilichapwa kwa nini? Watu husema shelaki, lakini utomvu huo wa wadudu kutoka India ulikuwa sehemu ndogo tu ya mchanganyiko. Nyingi ilikuwa unga wa mawe, pamoja na masizi ya kuipa weusi na nyuzi za pamba za kuishika. Unga wa mawe uliwekwa makusudi, uisage ncha ya sindano ya chuma mpaka ilingane na mfereji. Ndiyo maana sindano ya chuma ilitupwa kila baada ya upande mmoja, na ndiyo maana sahani inachakacha. Huwezi kuweka mnong'ono juu ya jiwe la kunolea kisu ukatumaini usikike.

Haya. Mwaka 1920 Hayes alivuka bahari pamoja na mpiga piano Lawrence Brown. Tarehe 31 Mei aliimba Aeolian Hall, London. Tarehe 21 Aprili 1921 aliimba Wigmore Hall, na siku mbili baadaye akaitwa Buckingham kuimba mbele ya Mfalme George wa Tano. Alisoma kwa George Henschel, mjuzi wa nyimbo za Kijerumani, na kwa Amanda Aldridge, binti wa Ira Aldridge, yule mwigizaji Mweusi mashuhuri wa karne ya 19. Hapa ndipo alipokamilika.

Huko London, mwanzoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya Vocalion ilimrekodi nyimbo za utumwani, Brown akiwa kwenye piano, na safari hii hakulipa yeye. Kwa sikio langu hizi ndizo santuri bora za enzi yake ya pembe. Hakuna okestra ya tuba, hakuna Caruso wa kushindana naye. Nyimbo ni fupi, zinatosha kwenye sahani bila kukatwa. Mstari mmoja mmoja una nafasi ya kupumua. Bado pembe ni pembe, lakini mwimbaji amejua kuipatia inachokula.

Mifano ya alichokifanya ukumbini ni mingi, nitoe mmoja. Aliposimama Beethovensaal, Berlin, katika miaka hiyo, Ujerumani ilikuwa na hasira juu ya askari Waafrika ambao Ufaransa iliwaweka mtoni Rhine. Hadhira ilimpokea kwa kuzomea. Alisimama kando ya piano, kimya, mpaka wakachoka. Kisha akaanza na "Du bist die Ruh" ya Schubert, ambao maneno yake ya kwanza maana yake ni "wewe ndiwe utulivu".

Walimu wa kwaya, tazameni jinsi wimbo huo ulivyo, mtaona ujasiri wake. Schubert ameuandika wa taratibu, na alama ya kwanza kabisa ni ya sauti ya chini mno. Hauna mahali pa kujificha: piano inadondosha noti chache, mwimbaji ananyoosha mistari mirefu. Mwishoni sauti inapanda ngazi kwa ngazi hadi kilele, halafu panakuwa kimya, kimya kilichoandikwa, kisha mwimbaji anarudi chini kabisa kama hakupanda. Mwingine angeanza na wimbo wa kishindo ili azizime kelele zao. Yeye aliwalazimisha watu wenye hasira wanyamaze ili wasikie. Ukumbi ukanyamaza, na mwishowe ukamshangilia. Sasa jiulizeni wimbo huo ungefanywaje mbele ya pembe ya mwaka 1917. Usingewezekana. Ungeimbwa wote kwa sauti moja ya wastani, na hapo si wimbo tena.

Mwezi Novemba 1923 aliimba na Okestra ya Boston chini ya Pierre Monteux, kwenye ukumbi ule ule aliokuwa ameukodi miaka sita nyuma. Mwaka uliofuata alitunukiwa nishani ya Spingarn, heshima ya chama cha NAACP kwa Wamarekani Weusi waliotukuka. Baadaye alinunua shamba Georgia, kwenye ardhi ambayo mama yake aliitumikia utumwani, na binti yake akamwita Afrika. Ratiba ya matamasha ilijaa.

Na santuri? Hapa pana shimo. Mwaka 1925 kampuni za Victor na Columbia zilianza kurekodi kwa umeme, kwa mtambo wa Western Electric. Maikrofoni ilipokea mitetemo kutoka kama 100 hadi 5,000, na cha maana kwetu, ilikuza. Mnong'ono ukaweza kuchonga nta. Ungedhani mtambo huo ulitengenezwa kwa ajili ya Hayes. Lakini baada ya zile sahani za Vocalion, tenori huyu hakuwa na mfululizo wowote wa santuri za biashara hadi mwisho wa miaka ya 1930. Miaka yake kati ya 36 na 52, miaka ya tenori kuvuna, ilipita hewani.

Mlinganisheni na waimbaji Weusi wenzake. Lawrence Brown alihamia kwa Paul Robeson mwaka 1925, na Robeson akaingia studio za Victor mwaka huo huo, maikrofoni ikiwa mpya. Sauti yake ya besi, ambayo pembe ingeikata miguu, ikajaa nyumba za watu dunia nzima. (Robeson, kwa njia, ndiye aliyesoma Kiswahili London miaka ya 1930, tungeweza kumpigia hodi bila mkalimani.) Marian Anderson, mwenye sauti nzito ya kike, alirekodi kwa pembe mwaka 1923, akaonja uchungu wa noti zake za chini kumezwa, lakini alikuwa kijana, maikrofoni ikamkuta mbele ya safari. Hata kwetu: Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, umeme ulikuwa umekwisha kutangulia, ndiyo maana mikwaruzo yote ya santuri zile haijaweza kutuficha anavyoichezea sauti. Hayes alizaliwa miaka kumi mapema kwa mtambo, au mtambo ulichelewa miaka kumi kwake.

Alirudi Columbia kati ya 1939 na 1941, akiwa na mpiga piano wake wa miaka mingi, Reginald Boardman. Wakati huo alikuwa na zaidi ya miaka 50. Hapa hatimaye mnasikia sauti ndogo ile, na herufi za mwisho za maneno, na kimya kati ya mistari. Mnasikia pia koo lililozeeka: mng'aro umekauka kidogo, noti za juu zinashikwa kwa akili kuliko kwa nguvu. Kwa hiyo tuna nusu mbili zisizokutana. Koo la miaka 30 bila ufundi wake kusikika, na ufundi wake bila koo la miaka 30. Kuzisikiliza moja baada ya nyingine ndiyo njia pekee niijuayo ya kumkaribia.

Sasa maelekezo kwa wenye sahani, au wanaotaka kuzihamishia kwenye kompyuta, maana makosa yanayofanyika hapa yanamwongezea marehemu dhambi zisizo zake.

La kwanza ni mwendo. Msiamini neno "78", yaani mizunguko 78 kwa dakika. Kiwango hicho kilitulia baadaye. Enzi ya pembe kampuni zilitofautiana kutoka kama 70 hadi zaidi ya 80, na Columbia yenyewe iliwaambia wateja wacheze kwa 80. Ukicheza sahani ya 80 kwa 78, sauti inashuka karibu robo toni na wimbo unakuwa mzito. Kosa la mizunguko mitano hivi linakaribia nusu toni nzima, na hapo mwimbaji anakuwa mtu mwingine. Tafuteni ufunguo wa wimbo kwenye nota, ulinganisheni na piano, lakini msikomee hapo: waimbaji walizoea kushusha ufunguo, na uzi wa piano enzi hiyo ungeweza kuwa A ya 435 au ya 440. Mwamuzi wa mwisho ni mtikisiko wa sauti. Ukiwa wa haraka kama mlio wa mbuzi, punguzeni. Ukiyumba kama mlevi, ongezeni.

La pili ni sindano. Msitumie sindano ya santuri za plastiki za baadaye. Ni nyembamba, inaanguka chini ya mfereji mpana na kusugua uchafu. Inatakiwa yenye ncha ya kama mikroni 75. Na mkiwa na sahani iliyochakaa, jaribuni ncha nene au nyembamba kidogo, ipite mahali ambapo sindano za chuma za zamani hazikupita. Kwa sahani zilizochongwa kwa kuyumba, unganisheni njia ya kushoto na ya kulia ziwe moja, mchakacho utapungua papo hapo. Kwa zilizochongwa kwa kupanda na kushuka, geuzeni waya za njia moja kabla ya kuunganisha, la sivyo muziki wote unafutika na kubaki kelele.

Kikuza sauti cha kisasa kina marekebisho ya ndani yaliyowekwa kwa ajili ya santuri za plastiki: kinaongeza besi na kukata sauti za juu. Sahani ya pembe haihitaji hata kimoja. Izimeni hiyo kama kifaa kinaruhusu, mtashangaa herufi zikirudi. Na zile programu za kusafisha kelele, zitumieni kwa mkono wa kinyozi mwoga. Programu haijui tofauti ya mchakacho na mwisho wa noti inayofifia, na kwa Hayes hapo ndipo penye mali yote. Bora sahani ichakache.

Kuosha: maji yaliyochujwa, tone la sabuni laini, lebo isilowe. Spiriti ni marufuku, inayeyusha shelaki. Mitungi ya nta msiioshe kabisa. Futeni kwa brashi laini, shikeni kwa vidole kutoka ndani, joto la mkono tu linatosha kuipasua ikiwa imetoka kwenye baridi.

Tutaanza na mojawapo ya sahani za Vocalion, kisha turuke hadi za miaka ya 1939 na 1941. Mara ya kwanza sikilizeni mwisho wa kila mstari, si kilele chake. Mtasikia sauti ikiteremka, ikiteremka, kisha inazama kwenye mchakacho kabla neno halijaisha. Pumzi yake inayofuata inakuja baadaye kidogo kuliko mlivyotarajia. Pimeni nafasi hiyo kwa kugonga mguu taratibu. Katika muda huo alikuwa bado anaimba. Kwenye sahani za baadaye mtasikia nini kilichokuwa humo.

Naomba feni zizimwe, na aliye karibu na dirisha alifunge.